Uzi: Kwa nini mhusika anayebanwa na jamii lazima afe au akimbie?

#1 Mwana_Katuba

Habari za jioni, wapendwa. Nafundisha Kifaransa sekondari hapa Lubumbashi. Wiki hii mwanafunzi wa kike aliinua mkono akasema: mwalimu, kila mtu tunayemsoma ambaye jamii inambana, mwisho wake ni kaburi au safari. Hakuna anayebaki palepale akaishi? Darasa likanigeukia mimi.

Nimeipitia orodha kichwani. Toundi wa Ferdinand Oyono, boyi (mtumishi wa nyumbani) wa kommanda wa kikoloni, anapigwa, anatoroka, anafia ng'ambo ya mpaka. Samba Diallo wa Cheikh Hamidou Kane anarudi kutoka Paris, sala haimtoki tena, kichaa anamuua. Emma Bovary wa Flaubert anakula sumu kwa ajili ya wanaume wawili. Kwa Kiswahili, Rosa wa Kezilahabi anajiua. Kazimoto wa Kezilahabi huyohuyo naye anajiua. Padri Pierre Landu wa Mudimbe wetu anaingia msituni na waasi na kufia huko.

Dai langu ni hili: waandishi wanajua sana kujenga kifungo, lakini kumweka mtu hai ndani yake hawawezi. Kifo kinawapunguzia kazi. Mnasemaje?

#2 Kitabu_Mfukoni

Mwalimu, unawaonea. Mwandishi anaandika anachokiona. Watu wanaobanwa wanakufa, huo ndio ukweli wa mitaa yetu. Wengine wanakufa wakiwa bado wanatembea na kununua makala ya kupikia sokoni, ila hao hawajazi riwaya.

#3 Neema_Ibanda

Salamu kutoka Bukavu. Mwalimu, Emma hakula sumu kwa ajili ya wanaume. Rudi kwenye kurasa za mwisho uhesabu ni nani anayebisha mlango. Ni wadai! Yule mfanyabiashara Lheureux alimuuzia vitambaa na mapazia kwa mkopo, akamsainisha hati juu ya hati, mpaka vyombo vya nyumba vikaandikwa vipigwe mnada. Mpenzi wake Rodolphe alikuwa amemwacha zamani na bado aliishi. Alipokosa pesa ndipo akaenda kwa mwuza dawa kutafuta arseniki.

Na kuna jambo la sheria ambalo walimu hawalisemi darasani. Ufaransa ilifuta talaka 1816, haikuirudisha hadi 1884. Kitabu cha Flaubert kilitoka 1857, katikati kabisa. Mwanamke yule hakuwa na mlango wa kutokea hata kama angetaka kutoka kwa heshima. Tena mke hakuweza kushughulikia mali bila idhini ya mume, ndiyo maana Lheureux alimfundisha amwombe mumewe Charles hati ya uwakilishi. Kamba aliyojinyongea aliipata pamoja na ruhusa.

Sasa msiseme hayo ni ya Wazungu wa kale. Sheria yetu ya familia hapa Kongo, ya 1987, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kwa kila jambo la kisheria. Iliondolewa 2016 tu. Mama yangu mkubwa alikuwa na pesa zake za kuuza vitenge, alipokwenda kufungua akaunti aliambiwa: rudi na mzee. Mzee alikuwa na mke mwingine upande wa Uvira na hakuonekana. Pesa zikakaa ndani ya mfuko wa unga hadi panya walipozigusa. Nikisoma Emma namwona yeye, amevaa kitenge chake cha Jumapili, amekaa kwenye benchi, amepakata mkoba.

#4 Mwana_Katuba

Asante dada Neema. Hilo la talaka nitalipeleka darasani. Lakini hoja yangu inasimama: amekufa.

#5 Shofa_wa_Mpaka

Mimi si mwalimu, nasoma nikiwa foleni Kasumbalesa, na foleni ile inatosha kumaliza maktaba. Nimesoma Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, kijana wetu wa hapa Lubumbashi. Lucien anabanwa na kila kitu: marafiki wezi, baa, migodi, umeme unaokatika, mchapishaji anayemwambia abadilishe hadithi yake. Na bado kila akipata kona anatoa karatasi anaandika. Hafi! Huyo ndiye jibu la mwanafunzi wako. Na ni Lubumbashi tupu, naijua kila kona ya ile baa.

#6 Yaya_Kamalondo

Shofa, dogo wangu, baa unazijua, sikatai. Ila Mujila hakuandika Lubumbashi. Mji ule ameuita Mji-Nchi, hauna jina lingine, na Lucien mwenyewe anatoka nje yake, anashuka kwenye treni. Mwandishi alizaliwa hapa 1981, ni kweli, na kila mtu wa miji ya madini anajiona mle. Wa Kolwezi anaona Kolwezi, wa Mbuji-Mayi anaona Mbuji-Mayi. Ukiupa mji jina moja unampunguzia mwandishi kitu alichokipigania. Ukitaka Lubumbashi yenye jina lake soma La danse du vilain ya 2020, mle kuna watoto wa barabarani wa hapa na wachimba almasi wa Angola.

Na wewe mwalimu, Landu hakufia msituni. Anatoka kwa waasi, anapita kwenye ndoa, mwisho anaingia monasteri ya Wasisteriani na kupewa jina jipya la kitawa. Hiyo ni mbaya kuliko kufa, kwa maoni yangu. Ametoka kanisani kwa sababu kanisa lilimbana, akaenda kwenye mapinduzi yakambana, akarudi kwenye kuta nene kuliko zile za kwanza, na anaona amani. Nilikisoma kitabu kile nikiwa chuo kikuu, nikakasirika siku nzima.

#7 Mwana_Katuba

Yaya, basi Landu ahamie upande wa waliokimbia. Bado hakubaki.

#8 Kambi_ya_Zamani

Niruhusuni nizungumzie kifungo kingine, kinachokulisha.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kampuni kubwa ya madini. Tulizaliwa hospitali ya kampuni, tukasoma shule ya kampuni, tukakaa nyumba ya kampuni yenye namba mlangoni. Mwisho wa mwezi mama alipanga mstari na kadi ya posho: unga, samaki wa chumvi, mafuta, maharagwe. Karani anatoboa kadi, mama anabeba mfuko kichwani, sisi watoto nyuma na chupa ya mafuta. Tulikuwa tunawacheka watoto wa nje ya kambi. Hakuna aliyejiona amefungwa! Kumbe baba hakuwa na shamba, hakuwa na nyumba yake, hakuwa na ujuzi mwingine. Kazi ilipokwisha alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba akiwa na miaka hamsini na kitu, hajui afanye nini na mikono yake.

Haya hayakutokea kwa bahati. Kampuni ya madini ya Union Minière tangu miaka ya 1920 iliamua kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto, badala ya kuwaleta kwa mkataba mfupi na kuwarudisha. Mtu mwenye mke na mtoto shuleni haondoki ovyo. Mapadri wakapewa shule, kampuni ikatoa chakula na daktari.

Mhusika anayefanana na baba yangu sijamwona kwenye vitabu vya Kiafrika. Nimemwona kwa Kafka. Gregor Samsa anaamka amekuwa mdudu, na jambo la kwanza linalomtia hofu ni treni ya kazini iliyomwacha. Anafanya kazi kulipa deni la wazazi wake. Moyoni anailalamikia kazi, lakini haiachi. Mlango wa chumba chake mara nyingine uko wazi, naye hatoki.

#9 Neema_Ibanda

Kambi, pole kwa mzee. Hilo la mdudu anayewaza treni nimelisoma mara mbili.

#10 Pwani_Msomaji

Naingia kutoka Mombasa. Nimefurahi kuona Kezilahabi anasomwa Katanga. Lakini mnaacha wengine. Yasmin wa Shafi Adam Shafi, kwenye Vuta N'kuvute, anaozwa kwa mzee Raza angali msichana mdogo. Anatoroka, jamaa zake Wahindi wanamfungia mlango, anaanza maisha mapya Unguja hiyohiyo. Hafi. Na Karama wa Shaaban Robert je? Kusadikika ilitoka 1951. Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, anasimama barazani siku baada ya siku akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema kwa ajili ya nchi na wakaishia kifungoni. Anaachiwa, na wale wajumbe wanafunguliwa. Kabaki nchini mwake na kashinda kwa maneno tu.

#11 Kitabu_Mfukoni

Nchi ya Kusadikika inaelea angani, ndugu wa Pwani. Shaaban Robert aliandika chini ya Mwingereza, ilibidi aipandishe juu ili mtu aruhusiwe kushinda. Nioneshe mtu anayeshinda hapa chini.

#12 Pwani_Msomaji

Yasmin yuko chini kabisa, Zanzibar, na polisi wa mkoloni wanamfuata mpenzi wake Denge. Umemruka kwa makusudi.

#13 Goma_Ziwani

Nawasoma kutoka Goma. Mnasema "kubanwa na jamii" kana kwamba mahali penyewe hapahesabiki. Sisi tuna ziwa upande mmoja, Nyiragongo upande mwingine, mpaka wa Gisenyi mtu anauvuka kwa miguu. Volkano ilipita katikati ya mji 2002, ikaja tena 2021 upande wa kaskazini. Mwaka 2025 vita vikaja, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafungwa, mtu mwenye mshahara kwenye akaunti akawa hana hata pesa ya sombe, majani ya muhogo. Rafiki yangu alikuwa na mtihani Kinshasa, njia ikabidi izunguke nchi mbili.

Jamii haijamkosea chochote msichana huyo. Mama yake anamtakia mema, pasta wake anamtakia mema. Amefungwa na ramani. Riwaya za mtu huyo ziko wapi? Mnaosoma kuliko mimi nitajieni.

#14 Yaya_Kamalondo

Goma, poleni sana, tunawaombea. Kitabu kilicho karibu ni Shaba deux ya Mudimbe huyohuyo, 1989. Ni shajara ya mtawa Mkongo, Marie-Gertrude, Kolwezi wakati wa vita vya 1978. Watawa wa Ulaya wanaondolewa, yeye anabaki na kukabidhiwa konventi. Nje risasi, ndani kengele za sala na hesabu za jikoni. Anaandika mambo madogo sana, ndiyo nguvu yake. Amebanwa na mahali na jamii kwa pamoja: Wazungu hawakumwona sawa nao, na ndugu zake weusi wanamwona ni wa Wazungu.

Mwisho wake anauawa. Nasikitika kumpa mwalimu pointi.

#15 Shofa_wa_Mpaka

Huyo Mudimbe naye alikuwa na shida gani na nyumba za watawa? Kila kitabu kuta.

#16 Yaya_Kamalondo

Aliishi ndani yake. Alizaliwa Likasi 1941, akaenda kwa Wabenediktini Rwanda akiwa kijana, akatoka. Baadaye akafundisha hapa kwetu kwenye kampasi ya Lubumbashi, wakati wa Mobutu chama kikamteua kamati kuu, ndipo akaondoka nchini akaishi Marekani hadi kufa kwake Aprili 2025. Alizijua kuta za dini, za chuo na za chama. Ukimsoma ukiwa na hilo moyoni, Landu si hadithi ya kubuni tu.

#17 Mama_wa_Kenya

Kenya ya hapa Lubumbashi, msinichanganye na nchi. Mwalimu, mbona umewasahau wanawake wanaobaki? Ramatoulaye wa Mariama Bâ, kwenye Une si longue lettre! Mume anaoa rafiki wa binti yake, anamtelekeza na watoto kumi na wawili. Rafiki yake Aïssatou anaondoka, anakuwa mkalimani, anafika Marekani. Ramatoulaye habanduki. Mume anapokufa, shemeji Tamsir anakuja kabla machozi hayajakauka, anamtangazia kwamba atamrithi kama kiti. Ramatoulaye anamfukuza mbele ya watu, baada ya miaka yote ya kunyamaza!

Nimekuwa mjane. Ndugu wa mume walikuja wakahesabu sahani zangu. Mmoja alifungua friji akaangalia ndani, akafunga, akaandika kwenye daftari. Kitabu kile nilikuwa nimekisoma shule nikaona kinachosha, barua ndefu ya mama analalamika. Siku ile nilikitafuta nyumba nzima. Nilikuta ukurasa wa Tamsir nikausoma kwa sauti chumbani, nikatoka sebuleni nikasema langu. Bado niko kwenye nyumba ile.

#18 Neema_Ibanda

Mama, nimesimama kazini kukusalimia. Ubarikiwe.

#19 Mwana_Katuba

Mama, heshima yako. Huyo nitamrudisha kwenye masomo muhula ujao. Na nimemkumbuka Kany wa Seydou Badian, Sous l'orage, 1957. Baba anataka kumwoza kwa Famagan tajiri, naye anampenda Samou. Anapelekwa kijijini apoe, na kule mzee Djigui, kaka wa baba, ndiye anayegeuza mambo. Hakuna anayekufa.

#20 Kitabu_Mfukoni

Mnaona? Djigui! Kany anaachiwa kwa sababu mwenye ufunguo aliamua kufungua. Mzee angekuwa mkali, tungekuwa na Rosa mwingine. Rosa alikuwa na Zakaria, baba mlevi aliyempiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na hakuwa na mzee wa kumsemea. Kitabu hicho, Rosa Mistika cha 1971, kiliwahi kuzuiwa mashuleni Tanzania, watu wakaona aibu ni ya Rosa. Anayepona anapona kwa bahati ya kuwa na mjomba mzuri.

#21 Mama_wa_Kenya

Mimi sikuwa na Djigui yeyote.

#22 Boyi_wa_Historia

Naomba nimrudie Toundi wa posti ya kwanza, kwa sababu Lubumbashi tuna jibu lake na halisomwi.

Toundi anaandika shajara, ndiyo hiyo tunayoisoma. Anaona ya ndani ya nyumba ya kommanda, anajua mke wa kommanda analala na nani, na kujua huko ndiko kunakomuua. Oyono aliandika 1956, kwa Kifaransa, msomaji wake wa kwanza alikuwa Mzungu, na Mzungu alipaswa aone damu.

Mwaka 1965 hapa mjini wafanyakazi wa nyumbani wa zamani walikuwa na chama chao, na mmoja wao, André Yav, akaandika historia ya Élisabethville, yaani Lubumbashi ya zamani, kwa Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi. Maboyi wenyewe! Anaeleza Wazungu walivyoingia Katanga, mabwana walikuwa wanalipaje, wanapigaje, nani alikufa kwenye kazi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha 1990. Si riwaya, sawa. Lakini ni boyi aliyejua siri za nyumba za mabwana, hakufa, alibaki mjini, akakusanya habari za wenzake na kuandika. Kwa lugha ya mtaa, kwa ajili ya watu wa mtaa. Tofauti iko kwa msomaji aliyekusudiwa. Ukimwandikia bwana, boyi wako lazima afe ili bwana ahurumie. Ukiwaandikia maboyi, huna haja ya maiti, wanajua tayari.

Na hata jukwaani ni vilevile. Kundi la Mufwankolo limechekesha mji huu miaka na miaka kwa Kiswahili: mke na mume, chifu na watu wake, mkubwa na boyi wake. Wanabanana hadi jasho linatoka, mchezo unakwisha wote wako hai, kesho wanaendelea.

#23 Pwani_Msomaji

Hoja nzuri, lakini Kezilahabi aliandika kwa Kiswahili, kwa Waswahili, na bado Rosa na Kazimoto wamejiua. Inaangukia wapi nadharia yako?

#24 Boyi_wa_Historia

Kezilahabi aliwaandikia wasomi wa Dar es Salaam waliosoma mambo ya Wazungu kuhusu maisha yasiyo na maana. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Bibi yake kijijini hakujiua.

#25 Pwani_Msomaji

Huo ni ukali usio na haki. Mtu wa chuo kikuu naye hubanwa. Tena zaidi, kwa sababu kijiji kinamsubiri na suti, naye hana imani tena na kijiji wala na suti. Samba Diallo ni huyo. Landu ni huyo. Mnawachukia kwa nini?

#26 Kambi_ya_Zamani

Mimi siwachukii. Ila nimechoka kuambiwa kwamba aliyebanwa ni aliyesoma. Baba yangu hakuwahi kusema neno moja kuhusu maisha. Alikuwa anafagia uwanja kila asubuhi, uwanja wa nyumba ambayo hakujua kama ni yake. Mtu huyo aandikwe kwa lugha gani? Hasemi.

#27 Goma_Ziwani

Kama mtawa wa Shaba deux: kengele, hesabu za jikoni, ufagio. Aandikwe hivyohivyo.

#28 Shofa_wa_Mpaka

Nami niongeze Ngando ya Lomami Tshibamba, 1948, babu wa riwaya zetu. Musolinga, mtoto wa Léopoldville (Kinshasa ya leo), anachukuliwa na mamba, baba anakwenda kumtafuta kwenye dunia ya chini ya mto. Babu alinisimulia kabla sijajua kuwa ni kitabu. Je, ule si mji wa mkoloni unaokula watoto?

#29 Yaya_Kamalondo

Wengine wanasema ni uchawi tu na ndivyo mwandishi alivyotaka. Fungua uzi wake, huu umejaa.

#30 Neema_Ibanda

Kabla haujafungwa: Kitabu_Mfukoni, umesema anayepona anapona kwa bahati ya mjomba. Mama wa Kenya alipona kwa kusema mbele ya watu, na nyuma yake kuna sheria inayomtambua mjane kwenye urithi, hata kama ndugu wa mume hawaijui. Ramatoulaye alikuwa na mshahara wa ualimu. Emma hakuwa na mshahara, hakuwa na sheria. Maimuna kwenye Utengano ya Said Ahmed Mohamed amefungiwa ndani hata barabara haijui, alipotoka aliangukia kwenye baa kwa sababu hakuwa na kazi yoyote mkononi. Wekeni hao wanne mezani mniambie kama ni mjomba au ni pesa na karatasi.

#31 Kitabu_Mfukoni

Na Kazimoto? Alikuwa na elimu, na karatasi, na mke. Nani alimfungia mlango?

#32 Mama_wa_Kenya

Huyo muulizeni mkewe Sabina. Hakuna aliyemuuliza kwenye kitabu kizima, naye ndiye aliyebaki.

#33 Mwana_Katuba

Nimenakili yote. Mwenye nakala ya André Yav, hata ya kunakilishwa, aniandikie kwa faragha. Nitalipia usafiri wa gari kutoka popote Katanga.